Bibi Silabi na Toleo Jipya

Mwanamke aliyenifundisha kusoma ndiye huyohuyo niliyekaa nyuma ya darasa lake, nikamwona akiwapoteza watoto, nisifumbue mdomo. Nalitanguliza hilo ili mtu asije akadhani mimi ndiye mwema katika habari hii.

Tulimwita Bibi Silabi. Sisi tuliosoma kwake zamani tulimwita hivyo kwa kujificha. Watoto wa siku hizi wanamwita waziwazi, na hata mwalimu mkuu akijisahau humwita hivyo kikaoni, kisha akajikohoza. Alikuwa amefundisha darasa la kwanza kwa miaka thelathini na mmoja, chumba kilekile cha mwisho upande wa kushoto, chenye dirisha moja lisilofungika na ubao uliopasuka kona. Walimu wengine huomba kupanda, maana heshima iko madarasa ya juu, na watoto wa huko angalau wanajua kwenda msalani bila kushikwa mkono. Yeye kila alipopandishwa, haukupita mwezi kabla hajasimama mlangoni kwa mkuu, mkoba kwapani. "Nirudishieni watoto wangu wa makamasi," alikuwa akisema. "Hawa wakubwa wananijibu."

Mimi nilikuwa mmoja wa hao wa makamasi, tena wa mkiani kabisa. Wenzangu walishaanza kuunganisha silabi, mimi herufi zilikuwa zinanitazama tu na mimi nazitazama. Nyumbani kaka zangu walinipa jina la Gogo. Bibi Silabi alinibakiza kila mapumziko, yeye na kikombe chake cha chai ya rangi, akanishika kidevu kwa vidole vyenye vumbi la chaki. "Funga midomo kwanza. Ba. Sasa ifungue. Umeona? Umeiandika kwa mdomo kabla ya mkono." Siku niliyosoma neno zima peke yangu, na neno lenyewe lilikuwa "sabuni", alinikokota hadi darasa la saba, akasimamisha somo la watu na kuniambia niwasomee. Nikasoma. Wale wakubwa wakapiga makofi, na mimi kwa furaha nikajikojolea palepale. Miaka mingi baadaye, niliporudi shule ileile nikiwa mwalimu wa la tatu, alinikaribisha chumba cha walimu mbele ya kila mtu: "Mkalisheni karibu na mlango huyu. Akifurahi hukojoa."

Basi ndivyo alivyokuwa. Mzazi akichelewa kumchukua mwanawe, alimwambia, "Nilikuwa nishaanza kumtafutia mchumba." Mumewe alifariki kitambo, watoto wake wako mbali na hupiga simu Jumapili. Shule ndiyo ilikuwa nyumba yake. Nyumbani alikwenda kulala tu.

Mimi hapo shuleni wananiita Pilipili. Sikatai. Nina hasira za karibu na ulimi usiojua kusubiri, na ndizo zilizoanzisha mambo yote. Mwaka huu nilipokea watoto hamsini na wawili wa la tatu, na kumi na tisa kati yao hawakuweza kusoma maneno yaliyo kwenye pakiti ya chumvi. Nikaingia chumba cha walimu moja kwa moja hadi kwa mwalimu wa la pili. Ni kijana mrefu, mgeni kwetu, anayetembea na kalamu tatu mfukoni, nyekundu, bluu na nyeusi, kwa hiyo sote tunamwita Kalamu Tatu.

"Umenipa watoto au umenipa viti?" nikamuuliza.

"Dada, mimi nimefika hapa juzi tu," akasema. "Nimewakuta hivyohivyo."

"Nyote wawili nyamazeni," akasema Bibi Silabi kutoka kwenye kona yake. "Watoto si mpira, mnarushiana nini? Kaeni chini mseme."

Tukakaa chini. Na tulipokaa, kwa kweli, kitu kizuri kilianza. Tukakubaliana sisi watatu, la kwanza, la pili na la tatu, tukutane kila Alhamisi baada ya kengele ya mwisho, kwenye stoo ya vitabu, juu ya madawati yaliyovunjika miguu. Kila mmoja alieleza kinachomshinda. Kalamu Tatu alikuwa hajui afanye nini na watoto wanaochanganya sauti. Bibi Silabi akamfundisha kuwapigisha makofi, kofi moja kwa silabi moja, na wiki ile ile la pili lote likawa linapiga makofi mpaka mkuu akaja kuuliza kama kuna mgeni rasmi. Mimi nilijifunza kunyamaza baada ya kuuliza swali, nihesabu hadi kumi kabla ya kumjibia mtoto. Kwangu mimi kumi ni nyingi, nyie hamjui.

Halafu Kalamu Tatu akaleta wazo la kutembeleana. Kila mmoja aende darasani kwa mwenzake, akae nyuma na watoto, atazame. Masharti yalikuwa machache. Mgeni hafungui mdomo somo likiendelea, hata dari ikidondoka. Akimaliza anaandika kwenye daftari la kutembeleana jambo moja zuri aliloliona na swali moja, kisha anamkabidhi mwenye darasa. Bibi Silabi aliposikia hayo alizungusha kikombe chake. Mwisho akasema, "Haya, njooni," lakini alisema shingo upande, na mimi nikadhani ni uzee tu.

Hapa lazima niseme habari za vitabu. Mwanzoni mwa mwaka tuliletewa maboksi matatu ya kitabu cha kusoma cha la kwanza. Jalada lilelile la kijani, picha zilezile za mama na ndoo, paka na mkeka. Mkuu alifungua boksi, akatazama jalada, akatangaza kikaoni: "Ni vilevile, vimechapwa upya tu." Hakuna aliyefungua ndani. Mimi sikufungua, maana vilikuwa vya la kwanza, vinanihusu nini?

Zamu yangu ya kutembelea la kwanza ilikuwa Jumanne. Nilikaa dawati la nyuma, magoti karibu na kidevu, pembeni ya binti mdogo mwenye nywele zilizosukwa mistari minne. Ni mtoto wa fundi makochi, yule mwenye karakana nyuma ya stendi. Vitabu havikutosha, kwa hiyo tulikishika kimoja pamoja, yeye jani la kushoto, mimi jani la kulia.

"Ukurasa wa kumi na moja," akasema Bibi Silabi. Alisimama mbele, kitabu kimefunguka kiganjani mwake, uso ameuinua kidogo. "Mama anateka maji."

"Mama anateka maji!" wakaitika watoto arobaini na sita, sauti moja, nzuri hadi nywele zikanisimama.

"Baba analima shamba."

"Baba analima shamba!"

Nilikuwa nimeshaanza kutabasamu. Sauti ileile, ukurasa uleule, miaka yangu yote ya makamasi ikanirudia. Nikainamisha macho kitabuni nifuate pamoja nao. Kilichoandikwa kilikuwa hivi: Mama anabeba ndoo. Ndoo ni nzito. Dada anamsaidia.

Nikadhani nimekosea ukurasa. Nikatazama namba: kumi na moja. Nikafunua ule wa mbele yake, nikarudi. Maji hayakuwamo. Shamba halikuwamo. Watoto walikuwa wanapitisha vidole chini ya maneno mengine kabisa, wakitamka yale ya mwalimu, na nyuso zao zilikuwa na imani tupu.

"Nani atasoma peke yake?" akauliza Bibi Silabi.

Binti wa fundi akanyoosha mkono. Aliinuka, akavuta kitabu kwake, akaweka kidole. "Ma-ma. A-na-be-ba. Ndo-o." Alisoma polepole, kila silabi akiipima, na kila silabi ilikuwa sawa. Darasa zima likaangua kicheko.

"Hapana, mwanangu," akasema Bibi Silabi. Hakukasirika, na hilo ndilo linaloniuma zaidi, alisema kwa upole uleule alionishikia mimi kidevu. "Unabuni. Kila siku nakwambia usibuni. Tazama kitabu vizuri. Mama anateka maji. Sema."

Mtoto akatazama kitabu. Akamtazama mwalimu. Kisha akageuka akanitazama mimi, mtu mzima niliyeshika jani la kulia.

Mgeni hafungui mdomo. Mimi Pilipili, niliyewahi kumzomea mkaguzi, niliyegombana na muuza mkaa hadi akahama mtaa, nilikumbuka sharti. Nikainamisha uso.

"Mama anateka maji," akasema binti yule, akaketi.

Somo lilipokwisha niliandika kwenye daftari: Watoto wanaitika kwa umoja na furaha. Pale pa swali sikuandika kitu. Nikampa Bibi Silabi mlangoni. Alilifungua, akalishika mbele yake kwa muda wa mtu anayesoma, akalifunga.

"Swali lako nimelisoma," akasema. "Zuri sana. Nitalifanyia kazi."

 Sijui nilifikaje la tatu.

Baada ya hapo nikaanza kuona kila kitu, na nikashangaa tulivyokuwa vipofu sisi wenyewe. Mistari yake ubaoni ilikuwa inapandana. Kila daftari la mtoto lilikuwa na "vema", hata penye ukurasa mtupu. Watoto aliwajua kwa sauti, aliyenyamaza alimuuliza, "Wewe nani hapo?" kama utani. Chai alijimiminia vizuri, ngazi alipanda bila kujikwaa, kwa hiyo nani angefikiri? Alikuwa na miaka miwili tu kabla ya kustaafu. Nikajiambia, miwili si mingi. Nikajiambia nitamtafuta faraghani, nimweleze taratibu. Wiki ya kwanza nikasema ana mafua, nisimsumbue. Wiki ya pili nikasema nina mitihani. Niseme ukweli, nilikuwa naogopa. Nilijua nikitamka neno lile, yule mwanamke aliyenikokota hadi darasa la saba atakuwa kikongwe anayeshikwa mkono, na mimi ndiye nitakayekuwa nimemfanya hivyo. Zikapita wiki sita.

Tulikuwa tumekubaliana kwamba muhula ukikaribia kwisha kila mtoto asikilizwe akisoma peke yake, dakika moja, na mwalimu asiye wake. La kwanza likamwangukia Kalamu Tatu. Alikaa kwenye kibaraza na kitabu cha kijani na kalamu zake zote tatu, wakampitia mmoja mmoja asubuhi nzima. Ilipofika zamu ya binti wa fundi, alifunga midomo. Kalamu Tatu akambembeleza, akamwonyesha picha, akahesabu hadi kumi, akahesabu tena. Hakutoa hata sauti moja. Kalamu Tatu, kwa kalamu nyekundu, akaandika kwenye karatasi ya kupeleka nyumbani: Hajui hata herufi.

Ijumaa ile ilikuwa siku ya wazazi. Fundi makochi alikuja na aproni yake yenye madoa ya gundi, karatasi mkononi. Nilikuwa meza ya jirani, nikasikia kila neno.

"Mwalimu, mwanangu ana tatizo gani?"

"Ni mtoto mzuri," akasema Bibi Silabi. "Ila hatazami kitabu. Anabuni maneno kichwani mwake."

"Nyumbani pia siku hizi nikimwambia soma, analia."

"Labda hajakomaa, baba. Wapo wa hivyo."

Fundi akakunja karatasi mara nne. Alisema basi akae nyumbani mwaka huu, pengine na ujao, asije akazidi kuchekwa. Shule haiwezi kuwa ya kila mtu. Akashukuru, akaondoka. Nilisimama. Nikakaa tena. Kuna mzazi alikuwa mbele yangu akiniuliza habari za sare.

Jumatatu mtoto hakuja. Wala Jumanne.

Alhamisi, kwenye stoo, Kalamu Tatu alikuwa amevimba kwa hasira, mtu ambaye sijawahi kumsikia akipaza sauti. "Arobaini na sita, watatu tu ndio wanaweza!" akasema. "Na si kwamba wanakwama, hapana. Wanatiririka! Wanatiririka maneno ambayo hayapo. Wote maneno yaleyale! Bibi, nani amewafundisha haya?"

Bibi Silabi alikuwa amekaa kwenye dawati, mikono mapajani.  Nikaona kidole gumba chake kinasugua kingine, kinasugua, na nikajua kwamba yeye mwenyewe ndiyo kwanza anaanza kuelewa.

"Ni kitabu," nikasema.  "Kimebadilishwa ndani. Yeye anafundisha kile cha zamani, alichokishika kichwani. Hakioni hiki."



"Kimebadilishwa?" akasema Bibi Silabi polepole.

"Kurasa karibu zote, mwalimu."

"Si walisema ni vilevile?"

"Walisema."

 Hapo akatuambia. Mwaka juzi daktari alimpima akamweleza kwamba nyuma ya jicho, pale katikati panaposomea, pamechakaa, na pakichakaa hapatengenezeki tena. Pembeni anaona. "Wewe hapo naona mabega yako na masikio," akaniambia. "Uso sina. Nikiutazama unatoweka." Hakumwambia mtu. "Ningekwenda wapi? Nyumbani kuna viti vinne na mimi mmoja. Nikasema kitabu nakijua chote, hata nikiwa usingizini. Sauti zao masikio yangu yanazijua. Nitamaliza miaka yangu bila kumdhuru mtu."

Kalamu Tatu alikaa chini. Hasira yote ilikuwa imemtoka, akabaki na kalamu zake.

"Wewe ulijuaje?" Bibi Silabi akaniuliza.

Hapo ndipo nilipotamani ardhi inimeze. "Siku ile niliyokutembelea."

"Wiki ngapi?"

"Sita."

"Wiki sita." Alisimama. Sijawahi kumwona amekasirika, si mimi wala mtu yeyote aliyesoma kwake, na nilirudi nyuma hatua moja bila kutaka. "Wiki sita unakunywa chai na mimi. Unaniona nawapeleka shimoni watoto arobaini na sita, unanipisha tu! Kwa sababu gani? Unanionea huruma?"

"Nilikuogopea, mwalimu."

"Na wao ukawaogopea lini?"

Nililia. Sina la kuficha, nililia kama wa la kwanza, na nikiwa nalia nikamwambia lililobaki: kwamba yule binti wa fundi makochi hakuwa anabuni. Alikuwa anasoma. Siku ile, katika darasa zima, yeye ndiye aliyekuwa anasoma kilichoandikwa, na ndiye tuliyemwambia hajui, na sasa yuko nyumbani.

Bibi Silabi akashika ukingo wa rafu. Akaomba aitiwe mwalimu mkuu.

Mkuu alikuja akasikiliza yote amesimama. Si mtu mbaya, ila anapenda mambo yaishie chini ya zulia. Akapendekeza tuandike barua fupi kwa fundi, kwamba shule imefikiria upya na mtoto apewe nafasi nyingine. Basi, bila kueleza zaidi. Watoto wengine mimi na Kalamu Tatu tugawane, tuwafundishe upya kimyakimya, na Bibi aendelee kukaa la kwanza na mtu wa kumsaidia mpaka astaafu. "Lakini ukienda kulisema hili mbele za watu," akamwambia, "mimi sitaweza tena kukukinga. Nitalazimika kuandika kwa wakubwa, na darasani utatoka siku hiyohiyo."

"Barua itamwambia mtoto kwamba alikuwa sahihi?" akauliza Bibi Silabi.

"Itasema apewe nafasi."

"Basi haitoshi." Akatafuta mkoba wake, akaupata. Akanigeukia mimi. "Wewe. Nipeleke."

Tulitembea hadi nyuma ya stendi. Karakana ya fundi makochi ni banda la mabati lililo wazi mbele. Kulikuwa na mifupa ya makochi mawili, marobota ya kitambaa, harufu ya gundi inayopanda kichwani. Mteja mmoja, mama mnene mwenye mwavuli, alikuwa amekaa juu ya kochi ambalo halijavikwa, akisubiri. Binti alikuwa chini, juu ya mabaki ya sponji, akichambua vipande vikubwa na vidogo. Alipotuona alijisogeza nyuma ya mguu wa baba yake.

"Karibuni, walimu. Shikamoo, mwalimu," akasema fundi, akiweka nyundo chini na kufuta mikono.

"Marahaba, baba. Sitakaa. Nimekuja kusema neno moja, na nataka mwanao alisikie." Bibi Silabi alikuwa akitazama pembeni ya uso wa fundi, ndivyo alivyoweza kumwona. "Mimi siwezi kusoma. Macho yangu hayaoni maandishi, yapata mwaka na zaidi. Kitabu kilibadilika sikujua, nikawa nafundisha cha zamani kwa kichwa. Mwanao alikuwa anasoma kilichoandikwa, na mimi nikamwambia anabuni. Nilimwambia mbele ya wenzake, siku nyingi. Aliyekuwa habahatishi ni yeye. Aliyekuwa anabahatisha ni mimi."

Yule mama mwenye mwavuli akaacha kujipepea. Fundi alisimama, na niliona shingo yake inajaa.

"Muhula mzima, mwalimu?"

"Tangu mwaka uanze."

"Mtoto analia kila siku akikiona kitabu. Mimi nilimpiga. Unajua nilimpiga? Nikasema ni mvivu." Aligeuka akatazama mabati, akageuka tena. "Na bado utakuwa unafundisha?"

"Hapana. Kuanzia Jumatatu la kwanza litashikwa na mtu mwingine. Ndiyo bei ya maneno haya, nami nimeikubali. Nakuomba mtoto arudi tu."

 Fundi alikaa kwenye ubao wa kochi, akanyoosha mkono. "Nipe hicho kitabu."

Bibi Silabi akakitoa mkobani. Fundi akafunua kwa vidole vyenye gundi, kurasa zikagandana, akazibandua. Akamwita mwanawe kwa namna anayomwita siku zote, kwa sababu binti ana jina la mama mzazi wa fundi. "Mama, njoo. Soma hapa."

Binti akaja. Akatazama ukurasa, picha ya mama na ndoo. Tulisubiri. Nilihesabu hadi kumi, nikavuka. Midomo yake ilifunguka ikafungika. Kisha akainua uso kwa Bibi Silabi.

"Nisome ya kitabu," akauliza, "au nisome ya mwalimu?"

Bibi Silabi alipiga magoti palepale kwenye vumbi la mbao. Mkono wake ulitafuta bega la mtoto, ukalikosa, ukalipata.

"Ya kitabu, mwanangu."

"Hutasema nimekosea?"

"Sitasema."

Akasoma. Mama anabeba ndoo. Ndoo ni nzito. Dada anamsaidia. Alisoma kwa woga, akisimama baada ya kila neno kama anayesubiri kicheko, na baba yake alifuata kwa kidole, naye midomo yake ikitembea, maana kusoma kwake si kwingi. Kidole kilipofika mwisho wa mstari kilibaki hapo.

Bibi Silabi, bado amepiga magoti, akageuza kichwa upande wangu, kwenye mabega yangu. "Mwalimu," akaniambia, na ilikuwa mara ya kwanza maishani kuniita hivyo, "ndivyo ilivyoandikwa?"

"Ndivyo," nikasema. "Na ndivyo alivyosoma hata siku ile."

Mtoto alinigeukia. Alinitazama kwa muda, paji la uso limejikunja, akinikumbuka.

"Wewe ulikaa na mimi," akasema. "Kitabu tulikishika wote."

"Ndiyo," nikamjibu.

Alingoja niseme kingine.  Kisha akarudi kwenye sponji zake, akakaa akinipa mgongo.